Ukuta wa Magharibi wa Thornlea

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1991. Mvua ilikatika alfajiri, lakini ukungu ulibaki umelala bondeni, na mabomba ya moshi ya viwanda vilivyofungwa hayakuonekana kabisa. Baridi haikuwa kali. Upepo haukuwepo. Kwa mtu anayejaza viungo, zile nafasi kati ya matofali, hakuna hali ya hewa iliyo bora kuliko hiyo, kwani hakuna jua la kukausha kazi kabla ya wakati wake wala barafu ya kuipasua. Wiki moja nyuma ningemshukuru Mungu kwa asubuhi kama ile na kuchukua mwiko wangu.

Nilichukua nyundo na tindo.

Mke wangu, Edna, alikuwa jikoni amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, anasubiri birika lichemke.

"Unakwenda wapi saa hizi, Wilf? Watu wa Chama wanakutana saa tatu."

"Nataka kuutazama ukuta kabla hawajafika."

"Ukuta huo umeutazama miaka kumi na minane. Leo umeota mdomo?"

Sikucheka. Aliweka kikombe mezani, akanigeukia.

"Tangu Alhamisi huli. Jana umepiga magoti pale kando ya kitanda mpaka nikadhani umelala."

"Nilikuwa naomba."

"Najua ulikuwa unaomba, mimi si kipofu. Ninachouliza ni unaomba nini."

Nilimwambia nitamweleza nikirudi. Nikambusu shavuni nikatoka na mfuko wa vifaa begani, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka arobaini na mitatu nilikuwa nimeficha kitu ambacho sikuweza hata kukitamka kwa Mungu kwa maneno yaliyonyooka. Nilichokuwa naomba ni hiki: kwamba mwalimu wangu awe amekosea.

Thornlea ni nyumba iliyo juu ya kilima chetu cha Ramsclough. Aliijenga Josiah Holroyd, mwenye kiwanda cha pamba, mwaka 1868, Malkia Victoria akiwa bado na nusu ya enzi yake mbele. Ni ya matofali mekundu, na ina mnara mdogo upande mmoja ambao hauna kazi yoyote ila kuonekana kutoka kiwandani. Bibi yangu mzaa baba alisugua ngazi zake za mbele kwa magoti tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Wakati wa vita vya pili akina Holroyd walikuwa wamekwisha, nyumba ikawa hospitali ya kujifungulia, na ikaendelea hivyo kwa muda. Binti yetu, Marian, alizaliwa mwaka 1950 katika chumba kile chenye dirisha la duara. Baadaye ikawa maktaba, kisha makazi ya njiwa. Mwaka 1972 baraza la mji lilitaka kuivunja, na hapo ndipo Chama cha Kuhifadhi Thornlea kilipoanzishwa, watu tisa ndani ya ukumbi wa kanisa, mimi nikiwa wa tisa.

Sikuwa na elimu. Nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikaenda kiwandani. Kwa hiyo mwaka 1973, nikiwa na miaka arobaini na minane, nilijiandikisha masomo ya jioni ya uashi katika chuo cha ufundi, ili niifae nyumba ile kwa zaidi ya kuchangisha. Mwalimu wetu wa wakati ule alitufundisha saruji. Chokoa viungo vya zamani, alisema, vile vya chokaa vinavyomomonyoka kwa kucha, na ujaze saruji ngumu, nayo haitapitisha mvua mpaka mwisho wa dunia. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Kisha, kuanzia 1974 mpaka 1985, kila Jumamosi isiyo ya barafu, niliujaza saruji ukuta wote wa magharibi wa Thornlea, ule unaopigwa na mvua, kutoka ardhini mpaka kwenye paa. Miaka kumi na moja. Na kila safu ya matofali niliiombea mtu mmoja. Kuna safu ya Marian alipokuwa na homa ya mapafu. Kuna safu ya ndugu yangu Clement aliyekufa hata hivyo. Watu wa Chama walinipenda kwa kazi hiyo. Walipotaka kujua jambo lolote la ukuta, waliniuliza mimi.

Ndiyo sababu, ukuta ulipoanza kutoa unyevu ndani, waliniuliza mimi tena. Karatasi ya ukutani katika sebule kubwa ilianza kuvimba na kuchanika. Baraza la mji, ambalo bado ndilo mwenye nyumba, lilituma barua majira ya kiangazi: kama kufikia mwisho wa mwezi Machi ukuta huo hautakuwa mzima na salama, mkataba wa Chama umekwisha na nyumba itavunjwa. Walikuwa wanataka uwanja wa maegesho ya magari. Kila mtu alijua. Mimi nikasema kikaoni, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba dawa ni kuongeza: tuupige ukuta wote lipu nene ya saruji, tuufunge kabisa. Wakapiga makofi. Kazi hiyo ilipangwa ianze Jumamosi hiyo, tarehe 12.

Sasa niseme la Alhamisi.

Septemba hiyo nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni mengine, yanayohusu utunzaji wa majengo ya zamani. Nilikwenda kwa furaha na kwa kiburi kidogo, Mungu anisamehe, nikidhani nitakuwa mwanafunzi anayejua. Mwalimu alikuwa mwanamke kutoka Wales, Bronwen Pryce, wa miaka thelathini hivi, mwenye vumbi jeupe kwenye viatu. Wiki ya kwanza alijenga vipande viwili vya ukuta kwa matofali laini ya zamani, kila kimoja ndani ya sinia. Kimoja alijaza chokaa. Kingine alijaza saruji. Kila wiki alimimina maji kwenye masinia yote mawili, usiku akiyaweka kwenye jokofu la chuo ili yagande, mchana akiyatoa.

Alhamisi hiyo alitoa kitambaa juu ya masinia. Kile cha chokaa kilikuwa kimelowa, lakini kizima. Kile cha saruji, viungo vyake vilikuwa vimesimama vizuri sana, vimenyooka. Matofali ndiyo yaliyobanduka uso, vipande vyekundu vimeanguka kwenye sinia.

"Ukuta wa zamani haukujengwa uzuie maji," alisema. "Ulijengwa uyanywe, kisha uyatoe. Unayatoa kupitia chokaa, kwa sababu chokaa ni laini kuliko tofali. Mkiziba viungo kwa saruji, maji bado yataingia, kila ufa mdogo unatosha. Lakini hayatatoka. Yatakaa ndani ya tofali. Na kama kuna mbao zimeingizwa ndani ya ukuta huo, yatakaa ndani ya mbao."

Mtu mmoja aliuliza kama ni makosa yanayotokea sana.

"Kila mahali," alisema. "Na mara nyingi yamefanywa na watu walioipenda nyumba kuliko wote. Wasioijali hawakuigusa."

Nilikaa kwenye kiti kile cha plastiki na kalamu mkononi, na nilichoandika kwenye daftari ni neno moja tu, mbao, kwa sababu nilijua boriti za sakafu ya sebule kubwa ya Thornlea zinaishia wapi. Zinaishia ndani ya ukuta wa magharibi.

Kwa hiyo Jumamosi saa moja na nusu nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, chini ya dirisha la sebule, usawa wa sakafu.

Saruji yangu ilikataa kutoka. Ilikuwa kazi nzuri. Nililia kidogo nilipoona ilivyokuwa nzuri. Nilipiga tindo zaidi ya nusu saa kuzunguka tofali moja, na nilipolitoa lilikuja na maji nyuma yake, si matone, maji yaliyotiririka mpaka kwenye mkono wa shati. Hakukuwa na mvua tangu alfajiri. Nikatoa la pili, lililokuwa nyuma ya lile la kwanza. Harufu ikatoka, harufu ya uyoga na ya ghala la chini ya ardhi lililofungwa.

Nyuma yake kulikuwa na kichwa cha boriti. Msonobari wa kaskazini, unene wa mapaja mawili, uliokatwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Niliweka kidole nikitaka kuugusa tu. Kidole kiliingia. Kiliingia mpaka kwenye kifundo cha pili, bila nguvu, na nilipokitoa kilikuja na kitu cheusi laini kama keki ambayo haikuiva. Nikajaribu kando yake. Vilevile. Nikachukua kijiko cha chai kutoka kwenye mfuko wangu wa chakula, nikachota. Nilikuwa nachota nyumba ya Thornlea kwa kijiko.

Sikuomba. Nataka kuwa mkweli katika hili. Nilijaribu kuanza, Ee Bwana, na sikupata neno la kufuata, kwa sababu niliona safu zile zote juu yangu, safu ya Marian, safu ya Clement, na kila moja ilikuwa imeshikilia maji ndani.

"Mzee Wilf! Unaiba matofali?"

Lori la Stanley Kershaw lilikuwa limeingia langoni bila mimi kusikia. Stanley ni fundi wa kulipwa, mtu mkubwa wa miaka hamsini, mwenye shingo kama ya ng'ombe na utani usiokwisha. Nyuma ya lori kulikuwa na mifuko ya saruji imepangwa juu ya mbao na mashine ya kuchanganyia.

"Usishushe," nilimwambia.

"Nisishushe nini?"

"Saruji. Usishushe hata mfuko mmoja, Stan."

Alitazama tundu, akanitazama mimi na kijiko changu. "Edna hajakupa kifungua kinywa, sasa unakula nyumba?"

Kisha akachuchumaa, na utani ukamtoka usoni. Ila aliurudisha upesi, kama watu wa kazi yake wafanyavyo.

"Boriti moja," alisema. "Kila nyumba ya zamani ina moja. Tutaikata, tutaweka chuma, tutapiga lipu. Unyevu unaingia, sisi tunaufungia nje. Si ndiyo ulivyosema mwenyewe kikaoni?"

"Hatuufungii nje. Tunaufungia ndani. Na si boriti moja."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu saruji si ya boriti moja. Ni ya ukuta mzima, na niliiweka mimi."

Kufikia saa tatu watu wa Chama walikuwa wamefika, kumi na mmoja, wakiwa na glavu na viatu vya mpira, akiwemo Mwalimu Hilda Entwistle aliyetangulia. Hilda ndiye mwenyekiti. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na minane na nusu ya mji bado humwita Mwalimu, hata polisi. Edna naye alikuja nyuma, na bati la keki ya shayiri mikononi, kwa sababu huwa analeta keki siku ya kazi, na kwa sababu, nadhani, alitaka kuona nilikuwa naficha nini.

"Mbona mashine haizunguki?" Hilda aliuliza. "Stanley, hali ya hewa hii hatutaipata tena mwaka huu."

"Muulize shemasi wako," alisema Stanley, akininyooshea kidole. "Amegoma."

Niliwaambia. Nilisimama na mgongo wangu kwenye ukuta ule nikawaambia yote kwa mpangilio, masinia mawili ya Bronwen Pryce, tofali, maji, kijiko. Nilipomaliza mmoja wao alicheka, si kwa ubaya, alidhani bado kuna mwisho wa kuchekesha unakuja.

"Wilfred," alisema Hilda taratibu, kama anavyosema na mtoto aliyejikojolea, "umechoka. Kaa kwenye gari la Edna unywe chai."

"Sijachoka, Mwalimu."

"Ulituambia saruji. Miaka yote ulituambia saruji. Leo msichana mmoja kutoka Wales mwenye sinia anakuambia chokaa, na unataka tuache kazi, wakati Machi inakuja? Baraza halitatuuliza tuliamini nini. Litauliza ukuta ni mkavu au si mkavu."

"Tukipiga lipu utaonekana mkavu Machi. Halafu sakafu itaanguka."

"Sakafu!" alisema Stanley. "Mwaka jana kwaya ya watoto iliimba humo Krismasi. Watoto arobaini wanarukaruka na kinanda juu. Imeanguka?"

"Na Krismasi hii wataimba tena," Hilda alisema. "Nimeshawaandikia wazazi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimefikiria ukuta, matofali, jina langu. Sikuwa nimewafikiria watoto. Kinanda kipo kando ya dirisha la magharibi. Wale wafupi husimama mbele yake, na wale warefu nyuma, mgongo ukutani.

"Msiingie sebuleni," nilisema. "Nawasihi. Msiingie mpaka tuwe tumefungua sakafu."

"Huyu naye," alisema Stanley. "Haya, tumalize ubishi. Njooni."

Akaingia. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kunituliza, na alitaka kushusha saruji yake. Sote tulimfuata mpaka mlango wa sebule, nami nikaunyosha mkono kuwazuia hapo. Chumba kile bado ni kizuri. Kuna mahali pa kukokea moto pa marumaru nyeusi, dari yenye maua ya plasta, na ile karatasi ya kijani inayobanduka kwa vipande virefu. Stanley alivuka zulia na viatu vyake vya kazi, akasimama kando ya kinanda, akaweka mkono juu yake.

"Tazameni," alisema. "Kilo mia moja na ishirini, na mke wangu anasema zaidi." Akaruka.

Sakafu haikupasuka. Watu hufikiri itapasuka, kwa kishindo. Ilishuka. Ilishuka polepole upande ule wa ukuta, kama mtu anayekaa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbao zilizolowa, sauti ya chini, kama kikohozi. Stanley alisema "Oo," kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Kisha ubao chini yake ukaachia na mguu wake wa kulia ukazama mpaka kwenye paja, na kinanda kikaegemea, kikateleza, pembe moja ikaingia shimoni, na nyuzi zake zote zikalia kwa pamoja. Sauti ile ilikaa chumbani muda mrefu sana.

Edna aliangusha bati.

Tulimtoa kwa kulala kifudifudi kwenye zulia, mimi na watu wawili wakinishika miguu, tukimvuta Stanley kwa koti. Suruali ilichanika na ngozi ya pajani ilichubuka, si zaidi ya hapo, sifa ni za Mungu. Alikaa kwenye korido, mgongo kwenye ukuta wa ndani, akitazama mikono yake. Ilikuwa na ule weusi.

"Nimeishika," alisema. "Boriti. Nimeishika nikatia vidole ndani." Akanigeukia. "Miaka kumi na moja, Wilf. Ulikuwa unaiua."

"Ndiyo."

"Stanley!" alisema Edna.

"Acha, mama. Amesema kweli," nilimwambia.

Aliniangalia, na nikajua sasa anaelewa nilichokuwa naomba kwa magoti. Hakunishika mkono. Alianza kuokota keki sakafuni, kipande kimoja kimoja, akivirudisha kwenye bati kama bado kuna atakayevila.

Hilda alikuwa bado mlangoni. Sikuwahi kumwona na uso ule. Alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti, na nikajua anahesabu nini: anawapanga watoto mahali pao, mmoja mmoja, kwa majina, mbele ya kinanda.

"Mjukuu wangu husimama pale," alisema mwishowe. "Pale pale. Kwa sababu ni mfupi."

"Mwalimu, naomba unisamehe."

"Sitaki kusikia samahani sasa hivi, Wilfred. Utaniomba baadaye, na huenda nitakupa, sijui. Sasa hivi nijibu swali. Nyumba hii inaweza kusimama, au nimpigie simu mtu wa baraza aje aichukue leo?"

Nilijibu kile nilichokijua, na hakikuwa kingi. Kwamba Alhamisi, baada ya darasa, nilimuuliza Bronwen Pryce kama mambo kama hayo yana tiba, nikijifanya nauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Alisema inawezekana, kama ukuta wenyewe haujapinda. Saruji itolewe yote. Lakini si kwa mashine, maana mashine hula kingo za matofali. Kwa nyundo na tindo, kiungo kimoja baada ya kingine. Ukuta uachwe wazi ukauke. Vichwa vya boriti vikatwe na kuungwa mbao mpya, kisha viungo vijazwe chokaa. Alisema ni kazi ya majira mawili ya kiangazi, na kwamba baraza likionyeshwa kazi imeanza vizuri, na mtu anayejulikana anaisimamia, mara nyingi huongeza muda. Mara nyingi, alisema. Hakusema daima.

"Kwa mkono," alisema Stanley kutoka chini. "Ukuta ule wote? Hakuna fundi atakayekubali. Mimi mwenyewe sikubali. Utavunja viwiko."

"Kwa hiyo nani?" Hilda aliuliza.

Nina miaka sitini na sita. Kifundo changu cha mkono wa kulia huvimba baridi ikiingia. Niliwatazama watu wale kwenye korido na viatu vyao vya mpira, watu walionipigia makofi. Hakuna aliyekuwa ananipigia sasa, wala hakuna aliyekuwa ananichukia, na hilo la pili sikulitegemea. Walikuwa wanasubiri tu, wamepauka.

"Mimi," nilisema.

"Usiseme kwa sababu umeshtuka," alisema Hilda. "Kila mtu hapa ameshtuka. Nitamwandikia mtu wa baraza leo, nitamweleza sakafu ilivyo, na nitafuta kwaya. Nikiandika jina lako kwenye barua hiyo, nitaliandika kwa wino. Kwa hiyo sema vizuri. Sema mbele yao, niwe na mashahidi."

"Unataka aape?" mtu mmoja aliuliza.

"Siapi," nilisema. "Kanisani kwetu hatuapi. Nitaahidi."

Stanley alijiinua, akasimama kwa mguu mmoja, akavua kofia, sijui kwa nini. Edna aliweka bati chini akaja akasimama kati yangu na mlango wa sebule, ubavuni mwangu, bado bila kunishika. Nje ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na kupitia dirisha niliweza kuona lori na mifuko ile yote ya saruji juu yake, mikavu.

Nikasema polepole ili kila neno liandikwe:

"Mimi, Wilfred Ormerod, ndiye niliyeujaza saruji ukuta wa magharibi wa nyumba hii, na ndiye niliyewashauri mwongeze. Mwandikieni hivyo mtu wa baraza, msinifiche. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi kumi na watatu kwamba kuanzia Jumatatu nitaitoa yote kwa mkono, kiungo kwa kiungo, kutoka ardhini mpaka kwenye paa, na sitajaza hata kimoja mpaka Bronwen Pryce aje akitazame kwanza na aseme ni sawa. Na mtoto yeyote hataingia katika chumba hiki mpaka nitakapokuwa nimeruka mimi mwenyewe pale aliporuka Stanley, na ninyi mmesimama mlangoni mnaniona."